Usiukate Wimbo wa Majina

Kakuyuni, Jumapili jioni

Mwanangu Kadzo,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya sweta, ya dawa za tumbo na ya kufunga begi kwa kufuli, na ameyarudia mpaka hata mbuzi wetu sasa wangeweza kusafiri salama. Mimi hapo sina la kuongeza. Nimejitenga huku chumba cha nyuma, nimeegemeza karatasi juu ya ile spika kubwa iliyokufa, nikuandikie yale ambayo mdomoni yananikwama. Wewe unanijua. Nikipewa maikrofoni nitasema mpaka watu waombe maji, lakini nikikaa na mwanangu uso kwa uso naanza kuuliza habari za kuku.

Kesho asubuhi unapanda ndege pale Malindi, na nyingine Nairobi, na nyingine huko mbele ambazo sizijui, mpaka ufike kwenye visiwa vya Pasifiki ulivyokuwa ukivitazama kwenye televisheni yangu ulipokuwa hujaota meno ya mbele. Unakwenda kuimba sauti ya yule msichana wa katuni. Filamu imekwisha semeshwa lugha za watu wengi, sasa inasemeshwa Kiswahili, na aliyechaguliwa kuiimba ni Kadzo wa Charo. Nimelitangaza sokoni. Nimelitangaza kanisani wakati wa matangazo, tena nje ya zamu yangu. Nimemwambia hata fundi wa pikipiki aliyekuja kuniuliza habari ya tairi. Nina furaha mpaka najiona nimerefuka.

Lakini kuna neno moja. Juzi ulipokuwa jikoni ukiongea kwenye simu na yule bwana msimamizi wa lugha, mimi nilikuwa nje ya dirisha najifanya nakagua paa. Nilimsikia vizuri, maana anaongea kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Alisema ule wimbo wa majina ni mrefu. Alisema Kiswahili kinajaa midomoni mwa katuni, watoto watachoka, na mkifika huko mtaujaribu mara moja tu. Ukilegea, toleo letu litatoka bila huo wimbo. Nawe ukamjibu kwa adabu, "Sawa, kaka. Mkiona niukate, nitaukata." Simu ilipokwisha ukaiosha sufuria ambayo ulikuwa umekwisha kuiosha.

Sikuandikii nikuamuru. Sauti ni yako na kazi ni yako, mimi ni baba tu. Nakuandikia kwa sababu nyumba hii haina mtu aliyekatakata mambo kuliko mimi, na ningependa ujue ilikuwaje, usije ukadhani nilizaliwa na akili hizi chache nilizo nazo.

Kabla hujazaliwa nilifanya kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni Malindi, siku hizi haipo. Kazi yangu ilikuwa kuwachangamsha wageni: mchezo wa mpira majini, ngoma saa za chakula, kucheka hata pasipo na kichekesho. Siku ya kwanza meneja akaniambia Charo ni jina gumu kwa wageni, basi niitwe Charlie. Hebu tazama mwenyewe, Charo na Charlie, lipi gumu? Lakini sikubisha. Niliona nimepewa cheo. Nikaanza kujiita Charlie hata kwenye duka la sukari, na mwenye duka akaniuliza kama nina homa.

Basi siku moja tsawe wako, baba yangu Kitsao, akatoka Magarini na kiroba cha mahindi mabichi kuja kunitazama. Akafika kwenye geti la hoteli akasimama kama mtu wa kwetu anavyosimama kwenye mji wa watu. Hakusema anataka nini. Alijitaja kwanza: yeye ni Kitsao wa Charo wa Kitsao, ametoka mahali fulani, ukoo fulani, na anamtafuta mwanawe Charo. Askari wa getini alikuwa mgeni, akamsikiliza mpaka mwisho, maskini, halafu akamwambia ukweli anaoujua. "Mzee, hapa hakuna Charo."

Baba akageuka akarudi Magarini. Mimi wakati ule nilikuwa ndani, kando ya bwawa la kuogelea, nimevaa kofia ya majani nikiwafundisha wageni kutikisa mabega. Nilikuja kuyajua nilipokwenda nyumbani mwisho wa mwezi. Akanipokea vizuri, tukala, halafu akasema kana kwamba anasimulia habari ya mvua, "Nilikuja kumtafuta mwanangu nikaambiwa hayupo. Nikaona nisiwasumbue wenye hoteli. Mahindi nilimwachia yule askari, alionekana ana njaa." Na akacheka. Baba yangu alikuwa mtu wa kucheka. Tangu siku ile mpaka anaingia kaburini aliniita Bwana Charlie kila alipotaka nimsogezee kiti.

Hawe wako hakucheka. Mama yangu, yule uliyerithi jina lake, aliweka bakuli chini akaniuliza, "Na ukifia huko, watakuja kumwambia nani?"

Ningependa kukuambia kwamba kesho yake niliacha kazi nikarudi na jina langu kichwani kama mzigo wa kuni. Wapi! Nilirudi hotelini nikawa Charlie msimu mwingine mzima. Aibu ilikuwapo, lakini mshahara nao ulikuwapo. Hoteli ilipofungwa, mwenzangu mmoja alipata kazi nzuri ya kuongoza burudani kule Watamu akakumbuka kunitafuta. Akaja hapa Kakuyuni, akazunguka soko zima akimuuliza Charlie. Watu wakamsaidia kwa moyo mmoja. Wakampeleka kwa mwalimu wa jirani, wakamwonyesha mbwa wa jina hilo.

Kazi ile ikaenda kwa mtu mwingine. Cheka, mimi pia nacheka sasa. Lakini mwaka ule nilikaa barazani nikajiona mtu aliyejifuta mwenyewe kwa mkono wake, na bado hata hapo sikuwa nimejifunza kitu.

Ndipo nikafungua kibanda cha video. Wewe unakikumbuka ukiwa na mabenchi ya mwisho, yale ya mbao. Yale ya kwanza yalikuwa magogo, na watu walitoka na makalio yenye alama. Niliweka televisheni, spika hii ninayoandikia, na maikrofoni, nikawa natafsiri filamu huku inacheza. Watu walitoka mpaka Jilore kuja kunisikia. Siri ambayo mama yako pekee aliijua ni kwamba Kiingereza changu kilikuwa cha "karibu, maji ya moto yako kushoto." Filamu nzima nilikuwa naitunga. Adui akifungua mdomo, namtilia maneno yangu. Polisi wa Amerika niliwafanya wagombanie shamba la mikorosho, na kibanda kikanguruma kwa kicheko.

Kukija wimbo tu, nashika rimoti napeleka mbele. "Nyimbo zinakula stima, jamani!" nawaambia. Watu wakaamini, mimi mwenyewe nikaamini.

Ile katuni ya visiwani ililetwa na dereva mmoja kwenye bahasha pamoja na nyingine za karate. Nikaipanga Jumamosi mchana kwa ajili ya watoto. Habari yake unaijua kuliko mimi: dhoruba imeiangusha mishelisheli yote ya kisiwa, watu wana njaa, na msichana anatumwa kisiwa cha pili kuomba miche. Anapofika, wazee wa kule wamejipanga ufukweni na hawampokei, mpaka aimbe yeye ni nani, mtoto wa nani, aliyezaliwa na nani, kurudi nyuma mpaka wa kwanza. Hivyo ndivyo ilivyo. Mimi niliwaambia watoto wa Kakuyuni kwamba yule msichana amekimbia kuolewa na mzee mwenye kaa mkubwa, na wale walio ufukweni ni kamati ya mahari.

Watoto walicheka wakaanguka. Msichana akafungua mdomo aimbe, nami nikabonyeza rimoti.

Wewe ukasimama juu ya benchi. Ulikuwa mdogo hata kichwa chako hakikufika kwenye waya wa balbu. "Baba, rudisha!" Nikakuambia ukae. Hukukaa. Ukaanza kuimba kile nilichokikata, bila maneno, sauti tupu, kwa kuwa kumbe asubuhi nilipokuwa nafagia ulikuwa ukiitazama peke yako mpaka mwisho. Nikataka kukupigia kelele kwa maikrofoni. Hawe wako alikuwa mlangoni na karai lake la kukaangia kachiri za muhogo, na hakuwa na kawaida ya kutazama sinema. Alisema macho yanamwuma na watu wa mle ndani hawana adabu. Siku ile aliingia na mwiko mkononi.

"We Charo, mbona umemkatiza mgeni?"

"Mgeni gani, mama?"

"Huyo mtoto wa watu. Anajitaja huyo."

"Utajuaje, na lugha yenyewe hata mimi siijui?"

"Sijui asemalo. Lakini mtu akisimama mbele ya mji wa watu, mikono wazi, na sauti inateremka ngazi kwa ngazi, huyo anawataja wa kwao. Mwache afike."

Nilirudisha, zaidi kwa sababu ya ule mwiko. Kwa mara ya kwanza tangu nifungue kibanda, nikaweka maikrofoni chini nikanyamaza. Wimbo ukapita wote. Kila jina likitajwa, hawe wako anaitikia kutoka mlangoni, "Ee!", kama wanawake wa kwetu wanavyoitikia mtu anayetaja wazee wake kwenye posa. Jina la tatu, watoto wa mbele wakamfuata. Mpaka msichana anamaliza, kibanda chote kinaitikia, makuti yanatoa vumbi, na wazee wa ufukweni kwenye televisheni wanafungua njia apite. Mimi nilisimama pale na rimoti mkononi, nikamwona baba yangu kwenye lile geti.

Nilielewa siku ile nilichokuwa nakifanya. Nilikuwa nakata nisichokijua, halafu nasema watu wamechoka. Hakuna aliyekuwa amechoka. Kila mtu mmoja alipokohoa mimi nilisikia lawama, na kabla hawajagundua kwamba simaizi kitu, nakata. Nilikata wazee wa watu kwa woga wangu mwenyewe, Kadzo. Lugha ya wimbo ule haikuwa na kosa lolote.

Baada ya pale kibanda kilipata wateja wapya, wasichana na mama zao, na wimbo ule niliurudisha kila Jumamosi mpaka sidii ikakwaruzika. Wewe ukawa unasimama mbele unauimba pamoja nayo. Ulipopata akili ya kuandika ukaanza kuutilia maneno ya Kiswahili, kisha ya nyumbani, ukabadilisha, ukafuta. Hawe wako akawa msahihishaji. "Hapo umeruka mtu," anakuambia, hata kama ni watu wa visiwani asiowajua. Alipofariki, wewe ndiye uliyemtaja pale kaburini. Sijapata kukuambia kwamba siku ile nilijivuna katikati ya msiba, na nikajiona mwovu kwa kujivuna.

Kwa hiyo, ulipoimba mbele ya wale watu wa filamu waliokuja Mombasa kutafuta sauti, ukaniambia jioni yake kwamba walizima mashine wakakuomba urudie, mimi sikushangaa. Nilipiga kelele, ndiyo, na mama yako akadhani nyoka ameingia. Lakini sikushangaa.

Sasa ya leo. Ulidhani sikukuona, kwa kuwa nilikuwa nimesimama na wanaume upande wa masufuria.

Watu wamejaa uani tangu kutoka kanisani, pilau imekwisha, watoto wameanza kugombania chupa za soda. Bi Mwanaisha wa dukani akasema, "Hebu tuimbie, mwanangu, tukisikie hicho kinachokupeleka ng'ambo." Ukaimba ule wimbo wa kuchekesha, wa samaki, kila mtu akapiga makofi, nawe ukataka kukaa. Bi Mwanaisha hakukuachia.

"Na ule mrefu?"

"Ule utawachosha, bi."

"Wallahi nimeketi, na duka nimelifunga. Nichoshe."

Nikakuona umenitazama. Sikutikisa kichwa wala sikufanya ishara, nilijikaza kama nguzo, kwa kuwa nilitaka iwe yako. Ukavuta pumzi ukaanza.

Nikueleze nilichokiona, maana wewe ulikuwa umefumba macho. Mimi maisha yangu yote nimetazama watazamaji. Filamu naiacha nyuma yangu, naangalia nyuso. Namjua mtoto aliyechoka kabla yeye mwenyewe hajajijua: huanza kuchezea kiatu, kisha humgeukia jirani, kisha huomba kwenda nje. Leo sikuona mkono wowote ukienda kwenye kiatu. Kijana wa bodaboda aliyekuja kumchukua shangazi yake alizima injini akakaa juu ya pikipiki na kofia yake ngumu kichwani, akasahau kuivua. Mama yako alishika kijiko cha pilau hewani mpaka mwisho. Na midomo inayojaa Kiswahili niliitazama pia, ile ya wale watoto wa mbele waliokuwa wakikufuata kimyakimya. Haikujaa. Maneno yako yaliwaingia kama uji.

Ulipomaliza wazee wa visiwani nikadhani umekwisha. Ndipo ukaingia kwetu. Charo wa Kitsao. Ee! Kitsao wa Charo. Ee! Charo wa Kitsao. Ee! Siku zote nimeona haya kwamba ukoo wetu wanaume wana majina mawili tu yanayopokezana, mjukuu anamrithi babu, kama watu waliokosa la kubuni. Leo nimesikia kwamba ni kiitikio. Ukawataja na wanawake wote, mpaka hawe wako, na hapo Bi Mwanaisha, ambaye si wa ukoo wetu wala si wa dini yetu, akaitikia kwa sauti kuliko wote. Ukaishia kwangu, nami nikaenda tena kukagua paa. Safari hii nililia kwelikweli, na paa lenyewe halina tatizo.

Basi yule bwana wa lugha simchukii. Huenda na yeye anasikia mtu anakohoa mahali fulani. Mimi nimekuwa yeye miaka mingi, tena kwa mshahara mdogo kuliko wake. Usigombane naye. Mkifika, mkasimama mbele ya hizo mashine, mwimbie mara yake hiyo moja, lakini umwimbie kama leo, kwa pumzi zako zote, na usiharakishe jina hata moja kwa ajili ya uso wake. Akikuambia ukate, mwambie unaomba aukate yeye, wewe mkono wako hauwezi. Uwe umefika mwisho. Atakachokifanya na rimoti yake ni shauri lake, lakini atakuwa ameusikia wote, na kwa jinsi nilivyoona leo nina hakika rimoti itamponyoka.

Jua sasa linakwenda kuzama na mama yako ananiita nije nikubebee begi nione kama kilo hazijazidi. Nilikuwa nifunge barua hapa. Lakini kuna kelele huko uani, na kwa kuwa mimi na dirisha ni marafiki, nimechungulia.

Ni watoto. Wageni wamekwisha ondoka, wao wamebaki, wamejipanga mstari kwenye ukuta wa bafu wakawa wazee wa ufukweni, na binti wa Bi Mwanaisha amesimama mbele yao mikono wazi. Anauimba wimbo wako. Majina ya visiwani amekosea mengi, lakini hakuruka mtu. Amefika kwetu sasa. Charo wa Kitsao, wanaitikia. Kitsao wa Charo, wanaitikia. Nimengoja achoke, maana mchezo wa watoto huishia pale njaa inapouma, na harufu ya samaki wa kukaanga imekwisha toka jikoni. Amemtaja hawe wako. Amenitaja mimi, jina langu lote, na sauti imeshuka ngazi moja zaidi. Nikadhani hapo ndipo mwisho, kwa kuwa wewe leo uliishia hapo, hukujitaja.

Yeye hakuishia hapo. Amevuta pumzi, kidevu juu, akapiga kelele mpaka kuku wakaruka: "Kadzo wa Charo!"

Na mstari wote ukaitikia, wakakufungulia njia.

Baba yako,
Charo wa Kitsao